Mawingu Kiasi

Kama umekulia Moshi maneno haya unayajua hata kama hujawahi kuyasikiliza: mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara, hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Yalikuwa yakija mwishoni mwa taarifa ya habari, wakati mzee ameshanyoosha mkono kuzima redio ili kutunza betri, na wengi wetu tuliyachukulia kama wimbo wa kufungia kipindi. Manyara iliingia humo baada ya kumegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ukiacha hilo, sijasikia badiliko kubwa.

Sasa yachukue maneno hayo uyaweke juu ya ardhi. Tuseme ni Julai, saa nne asubuhi, na uko stendi ya Moshi. Wingu la kijivu limefunika mji, kijibaridi kinakufanya utafute sweta la mtumba. Ukipanda gari la kwenda TPC au Kahe, mwendo mfupi tu wa kuteremka, utakuta jua linachoma na vumbi linakufuata nyuma. Ukipanda la Kibosho au Uru, kilomita kumi na kitu kuelekea juu, utakuta manyunyu, migomba inadondosha maji na njia ni utelezi mtupu. Na kama una miguu ya kuendelea kupanda msituni hadi kama mita 3,000, utatokea juu ya wingu lenyewe, kwenye jua safi, na mji wote utakuwa chini ya shuka jeupe. Hapo bado hujazunguka kwenda Tarakea, nyuma ya mlima, ambako mvua hugawiwa kwa kijiko. Mkoa ni ule ule. Mawingu kiasi! Kiasi gani, na kwa nani?

Nimelichimba swali hilo kwa muda, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba historia ya utabiri wa hali ya hewa huku kwetu ni ubishi mrefu kuhusu neno la nani liaminike: la aliyesimama chini ya wingu, au la aliyekaa mbali akaliandika.

Tuanzie mwaka 1848. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, alitoka Rabai karibu na Mombasa akielekea Uchagga na kikundi kidogo cha wapagazi. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, milima ya Uchagga ilionekana vizuri zaidi, na juu ya mmoja wao Rebmann akaona kitu kama wingu jeupe linalong'aa. Akamuuliza kiongozi wake, kile ni nini? Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi.

Hebu tulitazame neno hilo kidogo, maana sisi ni watu wa maneno. Mombasa ya wakati ule haikuwa na haja ya kuzungumzia theluji kila siku, nani angeihitaji? Bwana Kheri hakubabaika. Alikitaja kile kitu kwa jinsi kinavyomfanya mtu anayekikaribia. Rebmann naye alikuwa ameiona theluji kwao tangu utotoni, akaelewa kwamba wingu lake si wingu. Yaani habari ya theluji jirani na ikweta iliingia katika vitabu vya Ulaya kwa msaada wa jibu la neno moja la Kiswahili, lililotamkwa na mtu ambaye leo hana hata kichochoro chenye jina lake Moshi, au kama kipo basi kimejificha sana.

Wachagga wenyewe walishajua zamani. Katika safari zake Rebmann alisimuliwa kwamba mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakaone kile kinachong'aa, maana kulikuwa na waliodhani ni fedha. Karibu wote walikufa, na aliyerudi alirudi na viungo vilivyoharibiwa na baridi. Alisimuliwa pia kwamba kitu kile kikiletwa chini hugeuka maji. Hilo, jamani, ni jaribio la kisayansi kamili, na limegharimu roho za watu.

London hawakukubali. Habari ya Rebmann ilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika hakuwahi kuikanyaga, alishikilia kwamba macho yamemdanganya mmisionari. Mwaka 1852 alitoa kitabu juu ya bara la ndani la Afrika na humo akaendelea kubisha. Ilibidi Baron Carl Claus von der Decken aje mwaka 1861 na kijana wa Kiingereza aliyesomea miamba, Richard Thornton, waupime mlima. Kisha mwaka uliofuata Decken akarudi na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000 na theluji ikawanyeshea mwilini. Cooley akabisha bado. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa Decken nishani ya dhahabu. Bwana Kheri hakupewa hata ya bati.

Wakati ubishi huo unaendelea, mawingu yalikuwa na majina ya kitaaluma kwa karibu nusu karne. Desemba 1802 Luke Howard, Mwingereza aliyekuwa mtengenezaji wa dawa, alisoma mbele ya wenzake jijini London mada ya kuyagawa mawingu kwa maumbo na kuyapa majina ya Kilatini. Yaliyojilunda kama pamba akayaita kumulasi. Yaliyojitandaza kama mkeka, stratasi. Yale membamba ya juu kabisa, kama nywele zilizochanwa, sirasi. Yanayonyesha, nimbasi. Fikiria kidogo: hadi hapo wanasayansi walikuwa na majina ya nyota na ya mende, lakini wingu lilikuwa wingu tu, kwa kuwa hubadilika kabla hujamaliza kuliandika. Howard alisema acha libadilike, tulipe jina la umbo lake la sasa hivi. Mwaka 1896 ikatoka atlasi ya kwanza ya kimataifa ya mawingu, na leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linahesabu jamii kumi za msingi zilizojengwa juu ya majina hayo ya mtengenezaji wa dawa.

Kiswahili hakikuwa maskini. Kina mavundevunde, yaani mawingu yaliyokatikakatika. Kina ghubari, wingu la mvua. Kina ukungu na utusitusi, na kwa upande wa pepo kina kaskazi na kusi, ambazo mabaharia walizitegemea kwa safari za Uarabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla ya Howard kuzaliwa. Sasa angalia yaliyotupata. Shule ya msingi tuliyasoma mawingu kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza tukaanza upya kwa Kiingereza. Na katikati ya lugha hizo mbili mengi yakatupotea. Nadhani ndiyo sababu katika hadithi zetu vijana mawingu yana kazi moja tu, kutanda. Msichana akiachwa, yanatanda. Baba akifa, yanatanda. Hakuna anayesema yalikuwa ya aina gani, wala kama yalitokea upande wa Upare au yaliteremka toka mlimani, jambo ambalo muuza mitumba yeyote wa Kiboriloni hulitazama kabla ya kushusha mzigo wake.

Na Moshi hatukosi mifano. Sirasi huonekana siku kavu za Januari na Februari, juu kuliko hata kilele, zikiwa ni chembechembe za barafu. Kumulasi ni yale mafungu yanayoanza kuota kwenye ukanda wa msitu baada ya chai ya asubuhi. Stratasi, pamoja na ndugu zake wa karibu, ni blanketi la Juni hadi Agosti. Kumulonimbasi ni lile pandikizi linalosimama wima juu ya tambarare alasiri za Aprili au Novemba, chini jeusi, juu limetanuka kama fuawe la mhunzi, na ndani yake mna radi na pengine mvua ya mawe. Halafu kuna lile wingu la kofia linalokaa juu ya Kibo peke yake, laini, limetulia kana kwamba limepigwa msumari. Halijatulia hata kidogo: upepo unalipitia kwa kasi, unajenga wingu upande mmoja na kulibomoa upande wa pili, na sisi tunaona kofia.

Kuna watu wanaopenda kusema hata jina la mji limetokana na mambo haya, kwamba wingu la mlimani lilionekana kama moshi. Wengine wanasema ni moshi wa treni. La treni halisimami. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na Mmisionari Charles New alifika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1871, miaka 40 kabla ya filimbi ya kwanza kulia.

Turudi kwenye mlima, maana mlima ni kiwanda cha mawingu na kinafuata saa zake. Jua la asubuhi linapopiga mteremko, hewa iliyougusa mteremko hupata joto kuliko hewa ya kimo kilekile iliyoko mbali na mlima. Hewa hiyo hupanda. Inapopanda inapoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, basi mvuke unageuka matone na wingu linazaliwa, mara nyingi kwenye msitu. Ndiyo maana mgeni anayeamka saa tatu anaweza kukaa Moshi wiki nzima akaondoka akidai mlima haupo. Usiku mambo hugeuka: mteremko unapoa, hewa nzito inateleza kushuka mabondeni, wingu linayeyuka, na alfajiri Kibo huyo hapo. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia masika na kuendelea, unyevu wa Bahari ya Hindi unasukumwa moja kwa moja kwenye miteremko ya kusini na kusini mashariki. Miezi ya baridi unakutana na tabaka la hewa kavu iliyo juu, tabaka ambalo wingu haliwezi kulipenya, na hapo linakaa kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Mjini Moshi mvua ya mwaka ni kama milimita 900. Kwenye msitu juu ya Machame na Kibosho inazidi 2,000. Juu Kibo haifiki 300. Unaweza kuutembea ulimwengu mzima wa mvua ndani ya siku nne au tano, na wapagazi wanautembea kila wiki wakiwa na mzigo kichwani.

Bibi yangu aliishi Uru, na hayo yote aliyasoma bila kuyaita majina. Yeye alikuwa na shughuli moja ya haraka na mawingu: kahawa. Uchumaji huku kwetu huanza kipindi kilekile cha blanketi la Julai, na kahawa iliyomenywa na kuoshwa inatakiwa ikae kwenye meza za waya siku nyingi hadi ikauke. Ikinyeshewa inaota ukungu, daraja linashuka, na chama cha ushirika kikiipima unajua wazi ada ya nani imeondoka. Basi bibi alitoka alfajiri akatazama juu. Akiona Kibo wazi na umande mzito majanini, alianika. Akiona wingu limelala na mlima na limeamka nao, aliacha nailoni juu ya meza. Siku moja nilimwambia, bibi, redio imesema leo kuna vipindi vya jua. Akaniuliza, "Jua la wapi, baba?"

Hakuwa anabeza. Aliuliza tu anwani. Na sayansi iko upande wake: usiku usio na wingu ardhi hupoteza joto haraka, ndiyo maana umande unakuwa mwingi, na Kibo kikiwa wazi alfajiri maana yake hewa ya juu ni kavu na kiwanda hakijawashwa. Utabiri wake ulifika mchana, pengine hadi kesho, na ulihusu kihamba kimoja. Ukimchukua ukampeleka Same angekuwa hajui kitu.

Wazee wa milima ya jirani walikwenda mbali zaidi ya kutabiri. Usambaa, mfalme wa ukoo wa Kilindi alisadikiwa kuwa na nguvu ya kuileta mvua na ya kuizuia. Upare zilikuwapo koo zilizojulikana kwa kazi ya mvua na watu wakizifuata na zawadi. Unaweza kucheka. Lakini ona tofauti moja: bingwa wa mvua alikuwa na sura na nyumba, na mvua isipokuja watu walijua pa kwenda kuuliza. Msomaji wa redio hatuna pa kumpata.

Vyombo vya kupimia vililetwa na wakoloni. Wajerumani waliweka vituo katika koloni lao, na misheni na mashamba ya walowezi yakawa na vipima mvua vyake, kikopo na daftari, kila asubuhi saa tatu. Baada yao Waingereza walianzisha mwaka 1929 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Kwa nini wakati ule? Sababu moja kubwa ilikuwa angani. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na rubani anataka kujua wingu liko kimo gani. Mkulima wa Marangu hakuwa wa kwanza kwenye orodha. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa Lyamungo mwaka 1934 kiliyahitaji makadirio ya mvua kwa ajili ya mimea, lakini lugha ya utabiri ilikuwa imeshakuwa lugha ya kiwanja cha ndege.

Na marubani walikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya East African Airways aina ya Dakota, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro ndani ya mawingu. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Mwezi ni Mei tena, kama ule wa Rebmann. Tofauti ni kwamba Rebmann alidhani mlima ni wingu, na hawa wingu liliwaficha mlima.

Tabia hiyo ya kiwanja cha ndege bado iko ndani ya maneno yetu. Mpimaji wa hali ya hewa hutazama anga kwa macho, huligawa sehemu nane, na kuhesabu ngapi zimefunikwa. Hapo ndipo "kiasi" inapopata nasaba yake. Ni kazi ya heshima, inayofanywa na mtu aliyesimama nje usiku na mchana, na ningependa kusoma hadithi moja juu ya mtu huyo. Ila macho yake yako wapi? Kituo cha Moshi kiko kiwanja cha ndege cha mjini, na kingine kiko KIA, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1971. Vyote viwili viko tambarare. Jicho rasmi la mkoa linautazama mlima kutokea chini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ile nayo ilivunjika, na Tanzania ikajenga ya kwake huku makao makuu ya zamani yamebaki Nairobi. Mwaka 1999 ikawa Wakala wa Hali ya Hewa, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Katikati ya hayo kulipita mwaka ambao uliwafanya hata wasiojali wasikilize. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto lisilo la kawaida na kwamba vuli ya Afrika Mashariki huenda ikawa kubwa. Watu wakasema ni maneno ya redio. Kuanzia Oktoba mvua ikaanza, ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1998, barabara zikakatika, madaraja yakachukuliwa, na neno elnino likaingia mtaani likawa jina la kitu chochote kinachokuja kwa wingi na fujo. Februari 1998 wataalamu wa nchi zetu wakakutana Nairobi na kuanza utaratibu wa kukaa pamoja kabla ya kila msimu na kukubaliana utabiri mmoja.

Hapo tukapata msamiati mpya: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani. Wengi wanasikia "wastani" wakadhani maana yake ni mvua ya kutosha. Siyo. Mamlaka inaita wastani mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida ya mahali hapo kwa miaka mingi. Chukua sehemu inayopata kwa kawaida milimita 400 kwa msimu: ikipata 300 ni wastani, ikipata 500 ni wastani. Kwa mwenye mahindi tambarare, hizo mbili ni gunia na njaa. Tena hesabu haisemi zimenyesha lini. Milimita 300 zikija kwa wiki mbili na kukoma, karatasi itasoma wastani na shamba litasoma kitu kingine. Si uongo wa wataalamu. Wao husema wazi kwamba wanatoa uwezekano, na miaka ya karibuni wameanza kushuka hadi utabiri wa ngazi ya wilaya, hatua ambayo mimi naiheshimu. Lakini hata wilaya moja ya huku inaanzia kwenye mashamba ya mpunga na kuishia kwenye barafu.

Barafu yenyewe imekuwa somo la utabiri mwingine. Ramani ya mwaka 1912 inaonyesha takriban kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia 2000 zilibaki kama mbili na nusu, na kufikia 2011 hazikutimia mbili. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson wa Marekani, iliyokuwa imetoboa barafu ile na kukuta ya chini kabisa ina umri wa miaka zaidi ya 11,000, iliandika kwamba ikiendelea hivyo itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande bado vipo, vyembamba na vimetawanyika. Dunia nzima ikaingia ubishi: ni joto la viwanda au ni kitu kingine?

Kwa maoni yangu jibu zuri zaidi lilitoka kwa waliopanda wakakaa. Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, na kwa mara ya kwanza jicho rasmi likawa juu ya wingu badala ya chini yake. Vipimo vilionyesha kwamba kule juu wastani wa joto la mwaka uko chini kabisa ya sifuri. Barafu haipungui kwa kuyeyuka tu, sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja kwa ukali wa jua. Kinachoikinga ni mawingu na theluji mpya, kwani theluji mpya ni nyeupe na hurudisha jua lilikotoka. Watafiti wenzake wakiunganisha na kumbukumbu za Ziwa Victoria, ambalo lilijaa sana mwishoni mwa miaka ya 1870 na kisha kushuka, wameonyesha kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla karibu 1880, na barafu ya Kibo imekuwa ikidai deni hilo tangu hapo. Joto la dunia lina sehemu yake, hasa kwa jinsi linavyoibadilisha Bahari ya Hindi. Lakini kilichoinyima Kibo chakula kwanza ni mawingu kupungua. Wakati Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wanafika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, tayari walikuwa wanakanyaga mabaki.

Jambo ambalo halisemwi sana vijiweni ni kwamba maji tunayokunywa Moshi, na yale yanayojaza mifongo na kuteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, hayatokani na barafu ila kwa kiasi kidogo mno. Yanatokana na msitu: mvua yake na ukungu wake. Kwenye ukingo wa juu wa msitu ipo mierika, miti yenye vijani vidogo kama sindano na ndevu za kuvu zinazoning'inia kwenye matawi. Wingu likipita humo linachujwa, matone yanajikusanya, yanadondoka kwenye kuvumwani, yanazama ardhini, hata siku ambayo hakuna mvua na kipima mvua kitaandika sifuri. Ukingo huo umeungua mara nyingi. Moto wa Oktoba 2020 tuliuona usiku kutoka mjini kama mstari mwekundu begani mwa mlima, na Oktoba 2022 uliwaka tena. Kwa miaka mingi moto umeusukuma msitu kuteremka, na palipokuwa na mierika pamebaki nyasi na vichaka vifupi. Wingu bado hupanda pale kila siku kwenye saa tano. Hukuta hakuna cha kulishika, likapita.